Fahamu: Maisha ndani ya mashua ya tanga iliyo karantini

Bendera ya manjano ikipandishwa mlingotini, nahodha anatangaza kwamba chomboni hakuna mgonjwa na anaomba ruhusa ya kuingia bandarini. Mpaka ruhusa ije, hakuna anayeshuka.

Mwaka 2020, UVIKO-19 ilipofunga bandari nyingi za Pasifiki, utaratibu huo wa zamani uligeuka kuwa maisha ya kila siku. Mwezi Juni, Fiji ilitangaza njia: mashua ziende moja kwa moja Port Denarau, na siku zilizotumika baharini bila kutua popote zihesabiwe katika zile 14 za karantini. Zilizopungua zilimaliziwa papo hapo kwa gharama ya wenyewe, na vipimo juu yake. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani bahari yenyewe ilikwisha kuwatenga mabaharia.

Kukaa nangani si kupumzika. Upepo ukigeuka, chombo huzunguka na nanga huweza kuburutika, hivyo lazima mtu aangalie alama za nchi kavu, hata usiku wa manane. Maji matamu hupimwa: vyombo vya chakula huoshwa kwa maji ya bahari, na yale matamu huachwa ya kusuuzia tu. Mboga za majani huisha mapema. Vitunguu, viazi na kabichi hudumu. Umeme wengi huupata kwa jua. Jioni redio ya VHF ndiyo baraza, majirani wakijuliana hali bila kusogeleana.

Anayepanga safari kama hiyo aulize masharti ya bandari kabla ya kung'oa nanga, na apakie chakula cha wiki mbili za ziada.