Figo Hujiponya Ikipewa Nafasi

Mtu akivunjika mguu, mtaa mzima hupata habari siku ile ile. Lakini figo zake zikiumia, huenda hata yeye mwenyewe asijue. Mara nyingi hahisi maumivu wala haoni damu, na pengine huendelea na shughuli zake mpaka miguu ianze kuvimba na mkojo kupungua. Kwa sababu ya ukimya huo, wengi huamini kwamba figo ikisha kuumia hapana tiba ila mashine. Twaona yafaa leo kuwaeleza wasomaji wetu kwamba sivyo.

Kila figo ni kubwa kiasi cha ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, ambavyo wataalamu huviita nefroni. Karibu sehemu moja katika tano ya damu yote isukumwayo na moyo hupitia katika figo. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, lakini mkojo utokao ni lita moja au mbili tu. Maji yaliyosalia, pamoja na sukari na chumvi nyingi iliyomo, hurudishwa mwilini na seli zilizojipanga ndani ya mirija ya nefroni. Hiyo ni kazi nzito ya usiku na mchana, nayo hutaka oksijeni nyingi. Kwa hiyo damu ikipungua, au sumu ikiingia, seli hizo ndizo za kwanza kuumia.

Jambo hili lilidhihirika katika mji wa London wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ndege za Ujerumani zilipoupiga mji ule mabomu mwaka 1940 na 1941, watu wengi walifukiwa na vifusi vya nyumba, na wengine walibanwa miguu kwa saa nyingi. Walipookolewa walionekana kuwa na nafuu, lakini baada ya siku chache mkojo wao ulipungua. Mwaka 1941 madaktari Bywaters na Beall walieleza habari za wagonjwa wanne wa namna hiyo, ambao walifariki. Figo zao zilipochunguzwa, mirija ilionekana imeharibika na kuzibwa. Baadaye ikafahamika kwamba misuli iliyopondwa humwaga katika damu protini iitwayo mayoglobini, nayo huzidhuru figo. Kifusi kilianguka mguuni, lakini lililoua ni jeraha la figo.

Je, seli ya figo hufanya nini inapoumia? Kwanza huishiwa nguvu. Vinyweleo vyake, ambavyo huivutia maji na chumvi, hupukutika. Seli nyingine hubanduka mahali pake zikaanguka ndani ya mrija na kuuziba. Nyingine hufa. Lakini zile zilizonusurika hazikai bure. Juu ya ngozi yao hutokeza protini iitwayo KIM-1, ambayo watafiti wa Boston waliitangaza mwaka 1998. Kwa msaada wa protini hiyo, seli iliyo hai humeza mabaki ya jirani zake waliokufa, na hivyo husafisha njia. Kisha huacha kwa muda kazi yake ya kila siku, hurudia hali inayofanana na ya uchanga wake, hujitandaza kufunika pengo, na kujigawa ili kupata seli mpya. Pengo likisha kujazwa, seli hizo hurejea katika umbo na kazi yake ya awali. Yote hayo huweza kutimia kwa siku kadhaa au majuma machache.

Hapa ndipo wengi wasipoielewa kazi ya mashine ya kusafisha damu. Daktari Willem Kolff aliunda mashine ya kumhudumia binadamu huko Uholanzi mwaka 1943. Tangu wakati huo mashine za namna hiyo zimeokoa maisha ya watu wengi, nasi hatuzidharau hata kidogo. Lakini mashine haiponyi seli hata moja. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeumia ghafla, mashine humshikilia tu asife, huku seli zake zenyewe zikifanya matengenezo.

Matengenezo hayo, hata hivyo, yana mpaka. Binadamu hazalishi nefroni mpya baada ya kuzaliwa, iliyopotea imepotea. Tena jeraha likiwa kubwa, au likirudiwa mara kwa mara, baadhi ya seli huanza kujigawa zikakwama njiani. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa kwa panya, ulionyesha kuwa seli zilizokwama hivyo hutoa ishara zinazochochea kovu. Kovu likitanda, mahali palipokuwa na mirija hujaa nyuzi zisizoweza kuchuja chochote. Zamani madaktari wengi waliamini kuwa aliyenusurika amepona kabisa. Leo yajulikana kwamba mtu huyo yumo katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa sugu wa figo miaka ya mbele. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ubaya ni kwamba ufa huo hauonekani upesi. Kipimo kitumikacho sana hospitalini ni cha kreatinini katika damu, na kipimo hicho huweza kuonekana cha kawaida hata pale ambapo karibu nusu ya nguvu ya figo imekwisha potea. Mwenye kungoja dalili basi amekwisha chelewa.

Mambo haya yatuhusu sana hapa kwetu. Figo za wananchi wetu huumizwa na malaria kali, na kuharisha kunakokausha mwili, na damu imtokayo mama wakati wa kujifungua. Huumizwa pia na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni vinavyomezwa ovyo, hasa na mtu aliyeishiwa maji, na baadhi ya dawa za miti zisizojulikana kipimo chake. Mengi katika hayo yazuilika kwa gharama ndogo kuliko ya mashine. Mtoto anayeharisha apewe mapema maji yenye mchanganyiko wa chumvi na sukari unaotolewa zahanati. Mwenye homa apimwe malaria siku ile ile. Muuza duka la dawa amwulize mteja hali yake kabla ya kumpa vidonge. Muuguzi aupime mkojo wa mgonjwa mahututi na kuuandika, kwani kazi hiyo haihitaji ila chombo chenye alama na mtu mwenye bidii.

Na wale walioruhusiwa kurudi nyumbani baada ya figo zao kuumia wasiachwe hivi hivi. Yapasa waambiwe waziwazi kilichowapata, na waitwe tena baada ya miezi mitatu wapimwe damu na mkojo. Hospitali iliyomwokoa mtu kwa gharama kubwa haina sababu ya kumpoteza kwa kukosa kumwandikia tarehe ya kurudi.