Maktaba Inapokuwa Mlango wa Msaada

Juma hili tunataka tuongee juu ya maktaba, ile nyumba ya vitabu, na juu ya watu wanaoingia humo bila kutafuta kitabu.

Katika mji wa San Francisco, huko Marekani, kodi ya nyumba ni kali sana. Watu wengi hawana mahali pa kulala. Wengine wanalala ndani ya hema kando ya barabara. Maktaba kuu ya mji ule iko karibu na Tenderloin, mtaa unaojulikana kwa umaskini. Asubuhi milango ikifunguliwa, baadhi ya hao wasio na nyumba huingia. Wanafuata nini? Ndani hakuna mvua wala baridi. Kuna kiti, choo na kompyuta. Hulipi kitu, na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini.

Lakini mtunza vitabu amesomea vitabu. Hakusomea namna ya kumsaidia mama anayelia peke yake kwenye kona, wala mtu mwenye ugonjwa wa akili aliyekosa dawa. Akishindwa, anamwita mlinzi. Mlinzi anamtoa mtu nje, na kesho yake mtu anarudi na shida ile ile.

Mwaka 2009, maktaba hiyo pamoja na idara ya afya ya mji walimweka Leah Esguerra, mfanyakazi wa huduma za jamii, yule tunayemwita kwetu asistanti sosiali. Alikuwa wa kwanza Marekani kuifanya kazi hiyo ndani ya maktaba siku zote. Kazi yenyewe si kungoja watu ofisini. Ni kupita kati ya meza, kusalimia, kujitambulisha, na kumwacha mtu aamue mwenyewe kama anataka kuongea. Akikubali, wanatafuta pamoja: wapi kuna kitanda, wapi kuna daktari, karatasi gani inakosekana.

Kuna jambo lingine lililotupendeza. Maktaba ile iliwapa kazi ya malipo watu waliokuwa wamelala nje wao wenyewe. Wanapita hata vyooni na kuwaambia wenzao mahali pa kula, kuoga na kulala. Aliyepitia njia ile anaaminiwa upesi.

Miji mingine ilifuata. Denver iliweka asistanti sosiali katika maktaba yake mwaka 2015. Kwingine ni wanafunzi wa kazi hiyo wanaokuja kufanya staji.

Tusidanganyane: asistanti sosiali hana nyumba mfukoni. Kupata chumba kunaweza kudai kungoja muda mrefu. Lakini mtu aliyezoea kufukuzwa anapata wa kumsikiliza na anaonyeshwa pa kuanzia.

Mama mwenye watoto au ndugu waliohamia Marekani kutoka kambi za wakimbizi, uwaambie habari hii. Huko maktaba nyingi hufundisha Kiingereza bure na kuwasaidia watu kutafuta kazi. Wasiogope kuingia.

Na sisi hapa? Maktaba za watu wote kwetu ni chache, lakini milango ambayo mama huingia bila haya tunayo: kituo cha afya siku ya kupima watoto, robine ya maji, likelemba, shule. Sisi walimu tunamwona mama anayebaki mlangoni wenzake wakiisha kuondoka. Anauliza habari ya daftari, lakini macho yake yanasema minervali imekosekana, au nyumbani kuna fimbo. Wazee wanasema, mficha uchi hazai. Ni kweli, lakini nani atajifunua mbele ya watu wanaomcheka?

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Chagueni mama wawili wanaojua kusikiliza na kutunza siri. Mmoja awe amepitia shida kubwa mwenyewe. Andikeni katika daftari moja mahali pa msaada katika kartie yenu: mganga, asistanti sosiali, mwanasheria, na siku wanazopokea watu. Kisha mama hao wawili wafike mapema mkutanoni na wachelewe kuondoka, maana mwenye shida mara nyingi husema neno lake wengine wakiisha kwenda.