Bambo la Kuchoma Faili la Excel

Msomaji wetu wa Bukene, wilayani Nzega, anayetunza hesabu za mpunga za chama cha msingi, ameuliza: mafaili ya Excel yanamjia kwa wingi kwenye flashi, atayajuaje yenye makro za kirusi kabla hajayafungua?

Ana haki ya kuogopa. Kirusi cha Laroux, kilichogunduliwa Julai 1996, kilikuwa na makro mbili tu, auto_open na check_files. Kufungua faili kulitosha kukiamsha.

Dawa anayo sokoni kwake: bambo. Mnunuzi wa nafaka hafumui gunia; hulichoma kwa bambo, punje zikamteremkia kiganjani. Mzoefu hachomi juu tu, kwani wajanja hupanga punje safi juu na kuficha pumba katikati. Huchoma na ubavuni, kisha chini. Programu fupi ya Python hufanya vivyo hivyo: husoma baiti za faili bila kuiita Excel, hivyo makro haipati nafasi ya kuamka.

Choma mara ya kwanza. Faili la .xlsm, yaani la Excel linaloweza kubeba makro, ni furushi la zip. Huanza na herufi PK, za jina la Phil Katz aliyebuni muundo huo. Ndani, kwenye folda ya xl, tafuta vbaProject.bin. Likiwamo, kuna makro.

Utamu uko mchomo wa pili. Kila moduli ya makro huanza na neno Attribute, lakini ukilitafuta humo hulipati! Maandishi yamebanwa. Kila vipande vinane hutanguliwa na baiti ya alama, inayoonyesha kipi ni herufi halisi na kipi ni agizo la kurudi nyuma kunakili yaliyokwisha kuandikwa. Attribute lina herufi tisa: nane zinajaa, baiti ya alama inapenya, ndipo “e” inafuata. Neno limekatika mkia. Shell, agizo la kuanzisha programu nyingine, na Workbook_Open, inayoamka faili likifunguliwa, nazo huweza kumponyoka hivyo hivyo anayetafuta juujuu. Lazima maandishi yakunjuliwe kwanza. Zana ya bure ya olevba, ya Philippe Lagadec, huyakunjua na kuorodhesha maneno ya kutiliwa shaka, hata kwa mafaili ya .xls ya zamani.

Makro nyingi ni za kazi halali. Lakini ukikuta Auto_Open pamoja na Shell, usilifungue faili hilo. Mpigie simu aliyekutumia, akueleze makro hiyo inafanya kazi gani.