Kompyuta ya Mpiga Picha (2): Prosesa ya Bei Nafuu

Wiki iliyopita tulichambua skrini. Leo ni zamu ya prosesa, ambayo wapiga picha wengi huinunua kwa kutazama kibandiko tu: wakiona i7, wanalipa.

Kibandiko peke yake hakitoshi. Core i7-7500U ya mwaka 2016, iliyomo katika kompyuta mpakato nyingi zilizotumika, ina viini viwili tu. Core i5-8400 ya kompyuta za mezani, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, ina viini sita. Siri iko kwenye namba inayofuata jina. Tarakimu za mwanzo hutaja kizazi: 7500 ni cha saba, 12400 ni cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho nayo ina lake: U ni prosesa inayobana matumizi ya umeme, F haina grafiki ndani, hivyo bila kadi ya grafiki skrini haitaonyesha kitu.

Kazi ya kuhariri picha ina sura mbili. Unapopaka brashi kwenye Photoshop, kinachotakiwa zaidi ni kasi ya kiini kimoja kimoja. Unapogeuza picha za RAW za harusi nzima kuwa JPEG, Lightroom hugawa kazi kwa viini vingi. Viini sita vya kizazi cha karibuni hutosheleza pande zote mbili. Kusafisha chengachenga kwa akili unde ni habari nyingine: mzigo huo hubebwa na kadi ya grafiki, na prosesa ghali haitakuokoa.

Kwa mwenye bajeti ndogo, napendekeza mbili za mwaka 2022, zote zenye viini sita: Core i5-12400 ya Intel na Ryzen 5 5600 ya AMD. Hiyo ya AMD haina grafiki ndani. Asiye na kadi achukue 5600G.

Ukinunua Intel iliyotumika, usishuke chini ya kizazi cha nane. Karibu zote za kabla ya hapo hazitambuliwi rasmi na Windows 11, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Pesa itakayosalia usiikimbize kwenye i7. Iongeze kwenye RAM, ifike walau GB 16, kiwango ambacho Adobe yenyewe inakipendekeza. Hiyo RAM ndiyo mada yetu ya wiki ijayo.