Koch wa Berlin na Koch wa Sese

Mgonjwa wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda, anayeambiwa atoe makohozi yapimwe kifua kikuu anafuata njia iliyofunguliwa na Robert Koch, daktari Mjerumani aliyetangaza mjini Berlin, tarehe 24 Machi 1882, kwamba ugonjwa huo unaletwa na bakteria. Kabla ya hapo wengi waliamini ni wa kurithi. Koch, aliyezaliwa Clausthal mwaka 1843, alianza kama daktari wa wilaya, na utafiti wake wa kimeta wa mwaka 1876 ndio uliomtoa gizani. Baadaye akawa profesa, akawafunza akina Löffler, Gaffky na Mjapani Kitasato kanuni moja ngumu: usikilaumu kidudu mpaka umekiona kwa mgonjwa, umekiotesha nje ya mwili, na kimemletea mnyama mzima ugonjwa uleule.

Kazi yake ilifika karibu kuliko wengi wanavyodhani. Mto Kagera, unaopita Kikagate, ndio unaotutenganisha na nchi iliyokuwa wakati ule chini ya Wajerumani, na huko Koch alifanya utafiti zaidi ya mara moja. Alithibitisha kwamba maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, karibu na Bukoba, ni tauni. Mwaka 1905 alifuata njia za misafara akachunguza papasi wa kwenye vibanda vya wasafiri, akaonyesha kwamba wanaeneza homa ya vipindi na kwamba kijidudu chake hupita hadi kwenye mayai yao. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel.

Ila alipotoka kwenye chanzo cha ugonjwa akaingia kwenye tiba, ukali wake ulilegea. Mwaka 1906 alipiga kambi Bugala, visiwa vya Sese, wakati malale ikiwa imekwisha kuua watu wengi mno kandokando ya Ziwa Viktoria. Aliwadunga wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki. Mwanzoni vimelea vilitoweka kwenye tezi, akafurahi. Viliporudi, akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka, na upofu huo haukupona.

Watetezi wake wana hoja ya maana: malale isiyotibiwa huua, dawa nyingine haikuwepo, na wagonjwa wengi walikuja kambini kwa miguu yao. Yote ni kweli. Lakini aliyekuja alifuata uponyaji, na kuja kwake hakukuwa ruhusa ya kuongezewa sumu bila kuelezwa hatari. Wala haifai kusema kwamba zama zile wazo la ridhaa halikujulikana. Mwaka 1900 serikali ya Prussia, iliyokuwa mwajiri wake, ilikataza hospitali kumfanyia mgonjwa majaribio yasiyo ya tiba kabla ya kumweleza madhara na kupata kibali chake. Amri hiyo haikuhusu matibabu, kwa hiyo kisheria Koch hakuivunja. Inaonyesha tu kwamba Berlin swali lilikuwa limekwisha kuulizwa.

Wengine watasema kwamba aliwadharau Waafrika, basi. Sidhani jibu hilo linatosha, kwa sababu kosa kama hilo alilifanya kwao. Mwaka 1890 alitangaza tuberkulini kuwa tiba ya kifua kikuu, akaficha ilivyotengenezwa, na wagonjwa wa Ulaya wakamiminika kwake. Haikuponya. Tofauti ni kilichofuata: ndani ya miezi michache Rudolf Virchow, bingwa wa Berlin asiyemwogopa, alipasua maiti za waliodungwa, akawaonyesha madaktari wenzake madhara aliyoyakuta. Sese hakukuwa na Virchow. Aliyedunga, aliyehesabu matokeo na aliyeandika ripoti kwa serikali walikuwa kundi lilelile, na mgonjwa aliyepofuka hakuwa na ofisi ya kupeleka lalamiko. Ukoloni haukuhitaji daktari katili. Ulimwondolea daktari mwenye haraka mtu wa kumzuia.

Ndiyo maana kamati ya maadili ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Mbarara, ambayo watafiti wengine huiona kero ya makaratasi, ni kazi ya kitabibu kama darubini ilivyo. Na inahitajika zaidi pale anayechunguzwa anapokuwa mkimbizi, anayeweza kudhani kwamba akikataa atanyimwa dawa au posho. Kabla hajadungwa, aelezwe kwa Kiswahili au lugha yake dawa ni ipi, imewadhuru akina nani, na kwamba akisema hapana bado atatibiwa.