Kaktasi Imenywea? Weka Kopo Chini

Kaktasi iliyonywea huonewa huruma haraka, na huruma hiyo kwa kawaida huja na kopo la maji. Mwenye nyumba anaona mbavu zimebonyea, ngozi imekunjamana, rangi imepauka, basi anahitimisha kwamba mmea una kiu. Mara nyingi kiu ipo kweli. Kinachomponza ni kwamba kiu hiyo ina vyanzo viwili vyenye sura moja na tiba mbili zinazopingana: ama udongo hauna maji, ama maji yamejaa tele na mizizi imeoza, haiwezi tena kuyanywa. Mmea wa kwanza ukiumwagilia, baada ya siku chache umejaa. Wa pili ukiumwagilia, umeumaliza.

Ndiyo maana uchunguzi huanzia udongoni. Chukua kijiti cha mshikaki, kichomeke pembeni mwa chungu hadi kiguse kitako, kiache kama dakika kumi, kisha kichomoe. Kikitoka kikavu, hiyo ni kiu ya kawaida. Kikitoka kimelowa na kushikwa na udongo, ilhali mmea umenywea, usiongeze hata tone. Wazoefu wala hawahitaji kijiti; hunyanyua chungu wakajua kwa uzito. Nawe utaweza, ukijizoeza kukinyanyua kabla na baada ya kumwagilia.

Kwa nini chungu cha kaktasi kinachelewa kukauka? Mchicha hufungua stomata zake, yaani vitundu vya hewa, mchana kutwa, na maji huutoka kwa wingi. Kaktasi hufungua usiku. Gizani huvuta hewa ya kaboni dioksidi na kuihifadhi mwilini ikiwa asidi ya maliki. Jua likichomoza hufunga vitundu na kuitumia akiba hiyo kujitengenezea chakula. Maji yanayopotea kwa njia hii ni kidogo mno. Kwa hiyo kazi kubwa ya kukausha udongo hufanywa na joto na upepo, si na mmea. Nairobi mwezi wa Julai, mawingu yametanda na usiku ni baridi, chungu kilekile kilichokauka kwa wiki moja mwezi Februari kinaweza kukaa na unyevu wiki nyingi. Pwani wakati wa masika tatizo ni mvua yenyewe, na dawa ni kusogeza vyungu chini ya paa. Yale maelekezo ya muuza maua, "mwagilia mara moja kwa wiki", hayana maana yoyote mpaka aseme wiki ya mwezi gani, mji gani na chungu cha aina gani.

Baada ya udongo, soma madoa. Hapa jambo la kuangalia ni doa lilikoanzia na linakoelekea, kuliko rangi yake. Gamba gumu la kahawia linalopanda taratibu kutoka kitakoni, sawasawa pande zote, ni uzee; liache. Doa lililopauka kisha likawa kavu la rangi ya majani makavu, upande mmoja tu, ni kuungua na jua. Halitapona, lakini halitasambaa pia. Vumbivumbi la kutu linaloanzia kileleni, kwenye nyama changa, pengine na utando mwembamba katikati ya miiba, ni kazi ya utitiri mwekundu. Doa la kuogopa ni lile laini: bonyeza kwa kitako cha kalamu, likibonyea na kutoa maji, ni kuoza, na kuoza hakungoji wikendi. Ama ule wekundu au uzambarau unaotokea kwenye mmea ambao bado ni mgumu, huo ni rangi ya jamii ileile iliyomo kwenye bitiruti, ambayo kaktasi huitoa ikizidiwa na jua, baridi au ukame. Ni dalili ya dhiki, wala si ugonjwa.

Kuungua kunahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ushauri mwingi tunaousoma unatoka Ulaya na Marekani, na huko wanasisitiza dirisha linalotazama kusini. Kwao jua la adhuhuri liko kusini mwaka mzima. Kwetu linahama. Nairobi, jirani na ikweta, liko upande wa kaskazini tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, kisha linavuka. Dar es Salaam linavukia kusini kwenye katikati ya Oktoba na kurejea kaskazini mwanzoni mwa Machi. Kaktasi iliyokaa miezi saba kwenye kivuli cha roshani ya kusini jijini Dar inapigwa na jua la Oktoba bila hata kuhamishwa, na mwenyewe anabaki kushangaa, maana hakugusa kitu. Tundika neti ya kivuli au pazia jepesi kwa wiki mbili tatu za mwanzo, mmea uzoee. Fanya hivyo pia kwa ule unaoutoa sebuleni. Wa sebuleni utautambua: kilele kimechongoka, kimepauka, miiba imekuwa midogo na imeachana. Sehemu iliyokwisha kurefuka namna hiyo hairudi kuwa nene. Mwanga ukitosha, ukuaji mpya utakuwa mzuri juu ya shingo nyembamba, na umbo hilo litabaki.

Sisimizi wakipanda na kushuka kwenye chungu, wafuate. Huwa wanafuata utamu unaotolewa na vidung'ata, wale wadudu wanaojifunika nta nyeupe ya pambapamba kwenye mikunjo ya mbavu na penye miiba. Wapake spiriti kwa kijiti cha masikio, mmea ukiwa kivulini, na urudie kila wiki mara kadhaa kwa sababu mayai hayafi yote kwa mkupuo. Wapo pia wanaoishi mizizini, na hao hutawaona mpaka uutoe mmea. Mmea unaodumaa bila sababu, udongo ukiwa sawa na mwanga upo, unastahili kuchunguliwa huko. Kwenye mpungate, ukiponda kile cheupe kikatoa rangi nyekundu ya damu, huyo ni kochinili. Laikipia ameachiliwa makusudi kuangamiza mipungate iliyovamia malisho. Kwenye roshani yako ana tabia ileile.

Utando mweupe mgumu kwenye ukingo wa chungu ni chumvi. Wanaotumia maji ya kisima Dar es Salaam wanaujua. Kinga maji ya mvua.

Kinga kubwa ya yote iko kwenye udongo wenyewe. Udongo mweusi wa bustani uliojaa samadi, ambao miche mingi huuzwa nao, hushika maji kupita kiasi. Changanya nusu mchanga mkavu wa mtoni ulio chengachenga (si wa baharini, una chumvi), na kokoto ndogo au mawe mepesi ya volkano kwa wanaoyapata, na nusu udongo wenye mboji kidogo. Kwenye maeneo ya mvua nyingi ongeza mchanga. Chungu cha udongo wa kufinyanga kinapumua kuliko cha plastiki. Kiwe na matundu, na kiupite mmea kwa upana wa kidole hivi. Na hapa niseme wazi: ile desturi ya kutandika kokoto chini "ili maji yapite" haisaidii. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Hung'ang'ania juu yake, na matokeo yake ni kwamba unyevu unasogezwa karibu zaidi na mizizi. Kokoto zichanganywe, zisitandikwe.

Haya yote hayaihusu kaktasi ya Krismasi, ile ya vipande bapa vinavyoning'inia. Asili yake ni misitu yenye unyevu ya Brazili, huota juu ya miti. Jua kali huiunguza na ukame mrefu huinyong'onyesha. Wala hayamlaumu mwenye ile ndogo yenye kichwa chekundu au cha manjano kilichobandikwa juu ya shina la kijani. Kichwa hicho hakina klorofili, hulishwa na shina la mmea mwingine, na baada ya miaka michache shina hushindwa kukibeba. Kikinyauka, pengine hukukosea kitu.

Sasa turudi kwa ule mmea ulionywea kwenye udongo mbichi. Kunja gazeti liwe mkanda mnene, uzungushe shingoni mwa mmea, laza chungu na ukigonge kitako mpaka utoke. Mizizi mizima ni myeupe au kahawia hafifu, na ni imara. Iliyooza imekolea weusi, na ukiivuta ganda la nje linavuka mkononi likiacha uzi mwembamba. Kata mizizi yote ya namna hiyo. Kama uozo umepanda shinani, kata shina kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti, ukipanda kipande baada ya kipande, ukisafisha kisu kila mara, mpaka nyama iwe safi na ile duara ya katikati isiwe na hata nukta ya kahawia. Ukiacha nukta moja, utarudia kazi. Wengine hupaka majivu. Sioni haja, jeraha likikauka vizuri linajitosha. Weka kipande kivulini penye hewa, wiki moja kwa chembamba, mbili au zaidi kwa kinene, hadi kovu liwe kavu na gumu. Kisha kisimamishe juu ya udongo mkavu, kikiegemea mawe, na usikipe maji. Baada ya wiki kadhaa kisukume kidogo kwa kalamu. Kikigoma, mizizi imeshika, na hapo kinastahili kikombe chake cha kwanza.