MWENYE MANENO NDIYE MWENYE PESA

Ndugu wafanyakazi wa chai ya Shagasha, wa saruji na wa mpunga wa Bugarama,

Pesa ya simu tumeizoea tangu 2010, MTN ilipoianzisha Rwanda. Simu ikiibwa Kamembe, unakwenda ofisini na kitambulisho, laini inarudishwa, pesa ipo. Sasa wapo wenzetu wanaoweka akiba katika Bitcoin wakidhani mambo ni yale yale. Sivyo. Huku hakuna ofisi ya kwenda kulalamika.

Pesa yenyewe haimo ndani ya simu. Pochi inapofunguliwa mara ya kwanza hutoa maneno ya siri, 12 au 24, mara nyingi ya Kiingereza. Simu ikitumbukia mtoni Ruzizi, unayaingiza maneno hayo katika simu nyingine kwa mpangilio ule ule, na pesa unaiona. Yakipotea pamoja na simu, jasho lako limekwenda.

Basi tuyaandike kwa kalamu, herufi kwa herufi. Tusiyapige picha, tusiyatume WhatsApp. Karatasi ikae ndani ya mkebe wenye kifuniko. Mvua yetu mnaijua, na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2008.

Tunayemwogopa zaidi ni yule fundi mwema anayejitolea kukufungulia pochi. Akiyaona maneno, ana ufunguo wako. Kubadili namba ya siri ya simu hakumzuii hata kidogo. Fungua pochi mpya mwenyewe, uhamishe pesa siku hiyo hiyo.

Bei ya sarafu hizi hupanda na kuanguka, wala hakuna anayeidhamini. Pesa ya chakula na ya shule ibaki katika faranga.